Mei kwenye alotimenti: miche ikiugua, anza kwa kutazama ploti ya jirani

Alotimenti ni kipande cha ardhi ambacho halmashauri au chama cha wakulima wa mtaa hukukodisha kwa mwaka ili ulime mboga za nyumbani kwako. Ploti kamili ya Uingereza ni kama mita za mraba 250, ingawa siku hizi wengi hupewa nusu yake. Kwa aliyekulia Tanga, Kisii au Bukavu, kulima si jambo geni. Kinachomshinda ni Mei ya huku. Mchana jua linachoma, saa tatu usiku kungali na mwanga, kumbe chini udongo bado ni wa baridi, na usiku mmoja wenye nyota unaweza kufuta kazi ya majuma sita.

Kabla ya kununua dawa yoyote, simama njiani utazame ploti tatu nne za jirani. Maharage ya watu wote yakiwa ya manjano, chanzo ni hali ya hewa, na tiba yake ni kufunika au kusubiri. Yakiwa ya kwako peke yako, chanzo kiko kwenye udongo wako, mbegu zako au mkono wako. Mkiwa wawili watatu tu, ulizaneni mnashirikiana nini: samadi ya tela moja, miche iliyotoka kwa mtu mmoja, mbegu za pakiti moja. Swali hilo hufika kwenye chanzo haraka kuliko picha mia za majani kwenye simu. Ndiyo maana salamu na kikombe cha chai pale kibandani ni sehemu ya kazi.

Mbegu zimezikwa majuma mawili na hakuna kilichoota

Fukua moja uitazame. Ikiwa laini na inanuka, imeoza kwa baridi. Ikibaki ganda tupu, au kukiwa na kashimo safi pale ulipoizika, ni panya. Ukikuta vijia ndani ya mbegu na funza mweupe, ni inzi wa mbegu za maharage, ambaye huvutwa na udongo uliotifuliwa karibuni na samadi mbichi. Ikiwa ngumu kama ulivyoitia, imekosa maji.

Baridi ndiyo inayoongoza. Nunua kipimajoto cha udongo, kichomeke sentimita 10 chini saa tatu asubuhi, na usome siku tatu mfululizo. Usipime alasiri, kwa sababu jua huipasha tabaka ya juu na kukudanganya. Maharage ya kutambaa na mahindi hutaka nyuzijoto 12 angalau. Maboga hutaka 15. Mchicha hutaka 18 na zaidi, na hapo ndipo wengi wetu tunapokosea: mchicha uliomwagwa ardhini mwanzoni mwa Mei hukaa kimya, kisha magugu yanaota mbele yake, na ukipalilia hujui unang'oa nini. Uanzishe ndani ya nyumba dirishani, kwenye trei, mbegu zikifunikwa nusu sentimita tu, uhamishie nje baada ya baridi ya usiku kwisha. Au subiri Juni uumwage moja kwa moja, utawapita walioharakisha.

Maharage na mahindi yaanzishe kwenye vikombe vya karatasi au roli za karatasi ya choo, mbegu moja kila kikombe, sentimita 4 hadi 5 chini. Panya hawayafikii, inzi hayapati, na unayatoa yakiwa na majani mawili ya kweli.

Asubuhi majani yamekuwa meusi na kulegea kama yaliyochemshwa

Hiyo ni jalidi, baridi ya usiku inayogandisha mimea. Kusini mwa Uingereza inaweza kupiga hadi mwisho wa Mei, na kaskazini na Uskoti hadi mwanzo wa Juni. Utabiri wa simu husema joto la hewa juu ya ardhi, si la mche uliolala chini. Ukisoma nyuzijoto 3 kwa usiku usio na mawingu wala upepo, hesabu kwamba ardhini jalidi itashuka. Ploti zilizo bondeni au chini ya ua mnene hupigwa kwanza, maana hewa ya baridi huteremka kama maji na kutuama hapo.

Viazi mviringo vilivyoungua juu haviharibiki kabisa. Viache, vitachipua tena kutoka chini baada ya siku kumi hivi, ila mavuno yatachelewa. Maboga, maharage, nyanya na mchicha vilivyopigwa hadi kwenye shina havirudi. Ng'oa upande upya, bado kuna muda.

Kinga ni kitambaa chepesi cheupe cha bustani. Kile cha gramu 17 kwa mita ya mraba kinatosha jalidi nyepesi, na usiku mkali ukunje mara mbili. Kitandaze kabla jua halijazama ili kibakize joto la udongo, kishikizwe na matofali pembeni, na kisiguse majani. Kwa viazi vilivyochomoza tu, njia rahisi ni kuvipandishia udongo hadi machipukizi yafunikwe kabisa. Kazi hiyo ingefanyika tu, kwani machipukizi yakifika sentimita 20 ni lazima kuinua tuta, ili viazi visipate mwanga vikawa vya kijani na visivyofaa kuliwa.

Majani yakiwa meupe na makavu kama karatasi, yasiwe meusi, hiyo si jalidi. Ni mche uliotolewa dirishani na kupelekwa juani siku hiyohiyo. Miche inahitaji siku 10 hivi za kuzoezwa: siku tatu za kwanza saa mbili tatu kivulini, kisha mchana kutwa mahali pasipo upepo mkali, kisha usiku nje chini ya kitambaa. Mche ulioungua kwa jua huwa unapona, basi usiung'oe.

Mahindi au miche ya nyanya ikigeuka ya zambarau, nayo ni baridi. Fosforasi imo ardhini lakini mizizi iliyopoa haiwezi kuivuta. Usiongeze mbolea. Udongo ukipata joto, majani mapya yatatoka ya kijani.

Miche ilikuwepo jana, leo haipo

Tazama alama. Ute unaong'aa kama mkanda wa fedha ni wa koa, yule konokono asiye na gamba. Shina lililokatwa sawasawa usawa wa udongo bila ute ni kazi ya sota, kiwavi anayekata miche. Kwangua udongo kuzunguka shina, utamkuta amejikunja sentimita mbili tatu chini. Jani la sukuma lililonyofolewa likabaki mfupa wa kati ni njiwa. Mche uliong'olewa ukalazwa pembeni bila kuliwa ni ndege anayetafuta minyoo. Mashimo makubwa kama ya jembe ni mbweha, na karibu kila mara ni kwa sababu umezika unga wa mifupa au damu. Anadhani kuna mzoga.

Koa ndio adui mkubwa wa Mei. Nenda na tochi saa moja baada ya giza kuingia, hasa baada ya manyunyu, uwaokote kwa mkono. Usiku mbili tatu za kuokota hupunguza zaidi ya maganda ya mayai na mabaki ya kahawa, ambavyo havizuii kitu udongo ukishalowa. Mwagilia asubuhi badala ya jioni, ili usiku uso wa udongo uwe mkavu. Vidonge vya fosfati ya chuma vinaruhusiwa: tawanya punje moja moja, usimwage rundo. Vile vya bluu vya zamani vya metaldehaidi vimepigwa marufuku kutumika nje Uingereza tangu Aprili 2022 kwa sababu huua nungunungu wadogo wa bustani na ndege. Ukivikuta kwenye kibanda ulichorithi, vipeleke kituo cha taka hatari cha halmashauri.

Kuna pia minyoo midogo isiyoonekana kwa macho, nematodi, inayomwagiliwa ardhini na kuwaua koa wakiwa chini. Inafanya kazi udongo ukiwa juu ya nyuzijoto 5, hukaa takriban majuma sita, na hufa udongo ukikauka. Ni bidhaa hai: ukifungua pakiti lazima uimalize siku hiyo. Pakiti ndogo hutosha mita za mraba 40, eneo ambalo huenda huna miche ya kulijaza, kwa hiyo changieni wawili na mmwagilie jioni moja. Koa hajui mpaka. Ukiua wa kwako na jirani asiue, wanahamia.

Sukuma wiki inanyauka ilhali udongo una unyevu

Hapa panahitaji utulivu, kwa maana sababu ni nne na tiba zake hazifanani. Chagua mche ulio hoi zaidi, uung'oe wote, uoshe mizizi.

Ukikuta mizizi imeliwa na funza weupe wasiozidi milimita 8, ni inzi wa mizizi ya kabichi. Kizazi chake cha kwanza hutaga kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwisho wa Mei, mayai yakiwekwa ardhini pale pale shina linapoingia. Mche uliokwisha liwa haupone mara nyingi, ingawa ukiupandishia udongo shinani unaweza kutoa mizizi mipya juu ya jeraha. Kwa iliyobaki, kata duara za kadibodi nene zenye upana wa sentimita 15, pasua hadi katikati, zivishe kama kola zikilala sawasawa juu ya udongo. Inzi hutaga juu ya kola na mayai hukauka. Au funika tuta lote kwa wavu wenye matundu ya milimita 1.3, siku ileile ya kupanda, kingo zikizikwa. Wavu huo haufai mahali palipolimwa kabichi mwaka jana: inzi waliolala ardhini wataibukia ndani na utakuwa umewafungia na chakula.

Ukikuta mizizi imevimba kama tangawizi, ni ugonjwa wa uvimbe wa mizizi. Huo hauondoki. Vijidudu vyake hudumu ardhini hadi miaka 20. Ng'oa, tia kwenye mfuko, peleka kwenye taka, wala usitupe kwenye rundo la mboji. Kisha ishi nao: pima asidi ya udongo, tia chokaa ya kilimo kwa kiasi kilichoandikwa kwenye mfuko hadi ufikie pH 7 au juu yake kidogo, na kuza miche kwenye vyungu vya sentimita 10 vyenye mboji safi ya dukani, ili ikihamishwa iwe na mizizi ya kutosha kustahimili. Chagua aina zilizozalishwa kuhimili ugonjwa huo.

Mizizi ikiwa mizima lakini michache, na mche unayumba, ulipanda bila kukanyagia. Kwa sukuma na kabichi, udongo wa mahali unapopanda haupaswi kuwa laini kama wa karoti. Kandamiza kwa kisigino, kisha vuta ncha ya jani: likichanika kabla mche haujasogea, umeshika. Acha sentimita 45 kati ya mche na mche. Sababu ya nne ni jua la saa nane tu, na hiyo utaijua kwa sababu jioni mche unasimama wenyewe.

Ukarimu una mipaka yake hapa. Utamaduni mzuri wa alotimenti ni kuacha miche iliyozidi mezani karibu na lango. Chukua na toa mchicha, maboga, nyanya, mahindi. Lakini miche ya jamii ya kabichi iliyokuzwa kwenye udongo wa ploti ya mtu, hata awe rafiki wa damu, usichukue wala usitoe, na jembe la kuazima lioshwe kabla ya kuvuka njia. Ploti nyingi zilipata uvimbe wa mizizi kwa mkono wa jirani mwema.

Majani ya nyanya, viazi na maharage yamejikunja kama kikombe au yamesokotwa kama jani changa la kangaga

Kabla ya kulaumu virusi, uliza samadi ilitoka wapi. Kuna kiuagugu kiitwacho aminopiralidi kinachopuliziwa kwenye malisho. Farasi hula nyasi, dawa hupita tumboni bila kuvunjika, na samadi yake huendelea kuua. Wakulima wa alotimenti Uingereza walianza kuiona kwa wingi mwaka 2008, na haijakoma. Dalili inayoitofautisha: nyanya, viazi, maharage na njegere huharibika kwenye tuta lilelile ambalo mahindi na kabichi zimestawi. Baridi na virusi havichagui hivyo.

Kipimo ni rahisi, nacho kifanywe kabla ya kutandaza tela lolote. Jaza vyungu vitatu kwa samadi iliyochanganywa nusu kwa nusu na mboji ya dukani, na vingine vitatu kwa mboji peke yake. Panda maharage matatu kila chungu, weka kila chungu kwenye sahani yake ili maji yasichanganyike, subiri majuma manne. Majani ya juu yakijikunja kwenye kundi la kwanza pekee, usiitumie.

Ikiwa tayari imeingia ardhini, tifua mara kwa mara, maana vijidudu vya udongo ndivyo vinavyoivunja, na mwaka huu panda hapo mahindi au kabichi. Usiweke mabaki kwenye mboji. Kisha pita kwa kila aliyegawana tela lile umwambie leo, sio siku ya mkutano. Aliyebakiza rundo bado anaweza kuokoa tuta lake. Usimpe lawama aliyeagiza. Mara nyingi hata mwenye farasi hakujua nyasi alizonunua zilipuliziwa nini.

Mahindi ya mbegu ya nyumbani yanarefuka tu

Dalili hii huonekana Agosti, lakini kosa hufanyika Mei. Aina nyingi za mahindi ya kitropiki huhesabu urefu wa mchana ili zijue lini zichanue. Nyumbani mchana ni saa 12 mwaka mzima. Huku Juni unazidi 16. Mmea unangoja, unapita kimo cha mtu, na Oktoba inafika hata gunzi halijajaa. Mbaazi nazo ni hivyohivyo. Nunua mbegu za mahindi matamu ya mapema zilizozalishwa kwa nchi za baridi, na uzipande kwa mraba, si mstari mmoja mrefu, mche kila sentimita 40, ili upepo uweze kuchavusha. Mstari mmoja ndio unaoleta magunzi yenye mapengo.

Maboga hayana shida hiyo, na majani yake machanga ni mboga ileile tunayoijua. Mbegu za kupanda zinazoingizwa kutoka Afrika Mashariki hudai cheti cha afya ya mimea, kwa hiyo usiombe mtu akubebee kwenye begi.

Mengine ya haraka

Maharage mapana yamejaa vidukari weusi juu: bana ncha laini sentimita 7 hivi mara maganda ya kwanza yanapoonekana, uziondoe shambani. Usipulizie dawa, mabuu ya wadudu kibibi, wale mbawakawa wadogo wa madoa, yanakuja na yatawamaliza waliobaki.

Giligilani inapandisha maua ikiwa bado ndogo: ilihamishwa au ilikosa maji. Mwaga mbegu pale itakapokulia, kivulini kidogo, na rudia kila baada ya majuma matatu. Kitunguu maji kikitoa bua la ua, likate na ukile kitunguu hicho kwanza, hakitakaa ghalani. Unga wa rangi ya kutu kwenye majani ya kitunguu saumu unatisha kuliko unavyodhuru. Kitunguu chini kinalika.

Karoti zenye vijia vya kahawia: inzi wa karoti huvutwa na harufu ya majani yanaposuguliwa wakati wa kupunguza miche. Panda kwa nafasi tangu mwanzo, punguza jioni, au ngoja upande mwanzoni mwa Juni kizazi cha kwanza kinapopita. Inzi huyu huruka chini. Ukuta wa wavu wa sentimita 60 pande zote huwazuia wengi.

Unamwagilia kila siku na bado kumekauka

Chimba kwa mkono sentimita 15. Pakiwa pakavu chini ya tabaka lenye unyevu wa juu, unanyunyizia, humwagilii. Toa keni moja ya lita 10 kwa kila mita ya mraba, mara moja au mbili kwa juma, polepole shinani, kisha tandaza nyasi zilizokauka au mboji unene wa sentimita 5. Matandazo juu ya udongo mkavu hayasaidii, kwanza maji.

Kwa wanaofanya kazi za zamu, watu watano wakipangiana siku, kila mmoja anamwagilia ploti tano jioni moja na kupumzika nne. Bandikeni kibandani karatasi yenye ramani: tuta gani linywe, lipi liachwe, keni ngapi. Bila ramani, mwenzako atanywesha vitunguu vinavyotakiwa kukauka na kupita maboga yanayokufa.

Barua ya onyo imekuja

Ukaguzi wa ploti nyingi hufanyika Mei na Juni, magugu yakiwa juu. Barua huja kwa sababu eneo kubwa halijalimwa au magugu yanavuka kwa jirani. Usinyamaze. Jibu kabla ya tarehe iliyotajwa, utaje ugonjwa, mtoto mchanga au safari ya nyumbani kama ipo, na kazi utakayofanya juma hili. Eneo usiloliweza bado lifunike kwa kadibodi na turubai nyeusi lisilopitisha mwanga. Zulia kuukuu limekatazwa kwenye maeneo mengi kwa sababu nyuzi zake huachwa ardhini. Anza na kingo na njia, ndiko jicho la mkaguzi linakotua.

Lile gugu la kujisokota lenye maua meupe kama tarumbeta halimalizwi na mtu mmoja, maana mizizi yake myeupe hupita chini ya njia kwenda pande zote mbili, na kila kipande kinachokatika huchipua. Panga siku na jirani. Mmoja aingize uma upande huu, mwingine upande ule, mvute mizizi mizima mizima, muiweke kwenye ndoo ya maji yenye kifuniko ioze mwezi mzima. Rudieni baada ya majuma matatu, pale pale.